Mboji na Mbolea ya Chumvichumvi katika Mahindi ya Isongole

Ubishi baina ya mboji na mbolea ya chumvichumvi husemwa mara nyingi kana kwamba ni ubishi wa wazee na vijana: mboji ni mali ya zamani, na mbolea ya mfuko ni mali ya wakati wa shule. Wengine huugeuza ukawa ubishi wa wema na ubaya, mboji ikaitwa rafiki wa ardhi na chumvichumvi ikaitwa sumu. Katika kata ya Isongole, wilaya ya Rungwe, maneno hayo yote mawili hayaufikii ukweli. Huko mahindi yamelishwa kwa namna zote mbili, na sababu ya watu kuacha moja na kushika nyingine, kisha kuirudia ile waliyoiacha, haikuwa ujinga wala maarifa peke yake. Ilikuwa ni hesabu ya nyasi, ya mikono na ya fedha, na hesabu hiyo imebadilika mara nyingi. Anayetaka kuzilinganisha mbolea hizi kwa haki hana budi kuifuata tangu mwanzo.

Isongole ipo kaskazini ya Tukuyu, juu ya Kiwira, katika barabara itokayo Uyole ikivuka milima ya Uporoto na kuteremka kuelekea Kyela na Ziwa Nyasa. Upande mmoja kuna milima hiyo ya Uporoto pamoja na ziwa la Ngozi, ambalo limejaa ndani ya shimo la volkano. Upande wa pili umesimama mlima Rungwe wenye kimo cha mita 2,960 hivi. Wanyakyusa na Wasafwa wanapakana katika nchi hiyo ya ukungu. Mvua yake ni ya kutosha na pengine yapita kiasi, na baridi yake huwafanya watu wa Kyela watetemeke wanapokuja kununua viazi. Mahindi hayakui upesi huko. Hukaa shambani miezi mingi kuliko mahindi ya pwani, na mmea unaokaa shambani muda mrefu huhitaji chakula cha muda mrefu.

Udongo wake umezaliwa na moto. Yapata miaka 4,000 iliyopita mlima Rungwe ulilipuka kwa nguvu nyingi, ukatupa majivu na mawe mepesi juu ya nchi yote ya jirani. Na mlima Kiejo, ulio kusini yake, ulimwaga lava mara ya mwisho yapata mwaka 1800. Majivu hayo, yakiisha kulowa na kuoza kwa karne nyingi, huwa udongo mweusi, mwepesi, wenye kushika maji kama sifongo, na wenye mboji nyingi kuliko udongo wa sehemu nyingi za Tanzania. Mgeni akiutazama weusi huo hudhani kwamba nchi hii haihitaji mbolea ya namna yoyote.

Weusi huo hudanganya. Udongo wa majivu ya volkano una tabia ya kuikamata fosforasi na kuifunga hata mizizi isiweze kuipata, basi mmea huona njaa juu ya ghala iliyofungwa kwa kufuli. Tena baridi huzidisha shida, maana mizizi ya mche mdogo katika ardhi ya baridi ni mivivu. Ndiyo sababu mahindi machanga ya nyanda za juu huonekana pengine yana rangi ya zambarau katika kingo za majani. Rangi hiyo yapendeza macho, lakini ni dalili ya mche unaokosa fosforasi. Kwa hiyo swali la mbolea katika Isongole halikuanza siku mfuko wa kwanza uliposhushwa kutoka garini. Lilikuwapo tangu jembe la kwanza.

Wageni wa Ulaya waliopita nchi ya Wanyakyusa katika karne ya 19, kama Elton mwaka 1877 na Joseph Thomson mwaka 1879, na baada yao wamisionari wa Kimoravian na wa Berlin walioingia mwaka 1891, walistaajabia migomba, nyumba safi na mashamba yaliyolimwa kwa utaratibu. Hawakukuta watu wanaohamahama kila udongo unapochoka. Walikuta watu walioketi. Na watu hawawezi kuketi mahali pamoja wakalima vizazi kwa vizazi isipokuwa wana njia ya kuirudishia ardhi kile walichokichukua.

Njia hiyo ilikuwa na sehemu mbili. Ya kwanza ni ng'ombe. Ng'ombe wa Wanyakyusa walilazwa ndani usiku, na samadi yao ilipelekwa migombani karibu na nyumba. Ya pili ni jembe la mwanamume. Godfrey Wilson na mkewe Monica, walioishi kati ya Wanyakyusa baina ya mwaka 1934 na 1938, walieleza kwamba kulima kwa jembe ilikuwa kazi ya wanaume, na kupanda na kupalilia ilikuwa kazi ya wanawake. Yafaa msomaji aliangalie jambo hili kwa makini, kwa kuwa ndani yake imo siri ya mboji ya zamani. Kulima huko hakukuwa kukwaruza juu juu. Mwanamume aliyageuza majani mabichi pamoja na mizizi yake, akayafukia chini ya tuta, nayo yakaoza humo huku mvua ikinyesha. Lundo la mboji halikuonekana kwa sababu lilikuwa limelala chini ya tuta lenyewe.

Katika jambo hili Wanyakyusa hawakuwa peke yao. Wafipa wa Sumbawanga walikusanya nyasi wakazifunika kwa udongo katika vichuguu waviitavyo ntumba, wakavisambaza baadaye ili kupanda nafaka. Wamatengo wa Mbinga walizilaza nyasi kwa mistari inayokatana, wakazifukia, wakaacha mashimo katikati ya kuzuia maji yasiporomoshe udongo. Mashimo hayo ndiyo ngoro, yanayojulikana hata na wasomi wa nchi za mbali. Watu hawa wote walijua kwamba jani lililozikwa hufufuka katika punje. Kusema kwamba elimu ya mboji ililetwa kusini magharibi ya Tanzania na mabwana shamba ni kuwanyima watu haki yao.

Walakini njia hiyo ilitaka mambo manne: ardhi ya kulazwa ili nyasi ziote, nyasi zenyewe, ng'ombe, na wanaume wenye nguvu waliopo nyumbani wakati wa kulima. Katika karne ya 20 yote manne yalianza kupungua. Dhahabu ya Lupa, katika nchi ya Chunya, iliwavuta vijana katika miaka ya 1930. Baadaye waliendelea hata migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini na migodi ya Afrika ya Kusini. Waliobaki wakaongezeka kwa kuzaliana, na mashamba ya kahawa na chai yakatwaa sehemu yake. P. H. Gulliver, aliyetoa kitabu chake juu ya ardhi ya Wanyakyusa mwaka 1958, aliona uhaba wa ardhi umekwisha kuwa ugomvi baina ya ndugu. Konde lisilolazwa halioti nyasi za kutosha kuzikwa. Malisho yakigeuka mashamba, ng'ombe hupungua, na samadi nayo hupungua. Kwa hiyo yaweza kusemwa bila kosa kwamba mboji ya zamani ilianza kufifia kabla mbolea ya chumvichumvi haijafika. Wanaoishitaki chumvichumvi kwamba ndiyo iliyoiua mboji wanamshitaki mrithi kwa kifo cha marehemu.

Wakati nyasi zikipungua Rungwe, katika Ulaya ubishi wenyewe ulikuwa umekwisha kupata umri mkubwa. Mwaka 1840 Justus von Liebig wa Ujerumani alifundisha kwamba mmea hula madini, na kwamba madini yaliyochukuliwa na mavuno yaweza kurudishwa kama madini. Mwaka 1843 John Bennet Lawes na Joseph Henry Gilbert walianza majaribio huko Rothamsted, Uingereza, katika konde liitwalo Broadbalk. Sehemu moja ya konde hilo hupewa samadi kila mwaka, na sehemu nyingine hupewa chumvichumvi. Na ajabu ni kwamba majaribio hayo hayajakoma hata leo. Kwa zaidi ya miaka mia moja ngano ya samadi na ngano ya chumvichumvi zilitoa mavuno yaliyokaribiana sana, ila udongo wa samadi ulizidi kunenepa kwa mboji, na ule wa chumvichumvi haukunenepa hivyo.

Pande zote mbili hupenda kumwita Broadbalk shahidi wao. Upande wa chumvichumvi husema: tazameni, mavuno ni sawa. Upande wa mboji husema: tazameni udongo. Wachache hutaja kiasi cha samadi iliyotumika, nacho ni tani 35 kwa hekta kila mwaka, yaani tani 14 hivi kwa ekari. Ng'ombe wa kienyeji alalaye zizini hutoa kama tani moja tu ya samadi kavu kwa mwaka. Mkulima wa Isongole mwenye ekari mbili na ng'ombe wawili akiambiwa aige Broadbalk atacheka, naye atakuwa na haki ya kucheka.

Mwaka 1909 Fritz Haber alifaulu kuiunganisha naitrojeni ya hewa na haidrojeni ikawa amonia, na mwaka 1913 Carl Bosch aliifanya kazi hiyo kiwandani huko Oppau. Tangu siku hiyo chakula cha mimea kiliweza kutengenezwa kwa moto na shinikizo kubwa, bila ng'ombe wala jani. Mtu aliyepinga kwa sauti kubwa kuliko wengine alikuwa Albert Howard, Mwingereza aliyefanya kazi India. Huko Indore, katika miaka ya 1920, alipanga njia ya kuoza takataka za shamba kwa tabaka: majani makavu, majani mabichi, samadi, majivu na udongo, maji ya kiasi, kisha kugeuza lundo mara kwa mara mpaka live katika muda wa miezi mitatu hivi. Aliieleza njia hiyo katika kitabu cha mwaka 1931 alichoandika pamoja na Yeshwant Wad, akaitetea tena katika kitabu kingine mwaka 1940. Howard hakuficha kwamba walimu wake walikuwa wakulima wa India na mifano ya China. Mapema katika miaka ya 1930 wenye mashamba ya kahawa wa Kenya walikwisha kuijaribu. Walikuwa na vibarua wa kukata majani, kubeba na kugeuza malundo. Na hapo tena mikono inaingia katika hesabu.

Basi hesabu yenyewe ni hii. Ekari moja ikitoa magunia 20 ya mahindi yenye kilo 100 kila moja, punje hizo peke yake hubeba kama kilo 30 za naitrojeni, na mabua nayo huchukua sehemu yake. Mfuko mmoja wa urea wa kilo 50 una kilo 23 za naitrojeni, nao hubebwa na kijana mmoja begani. Mboji iliyoiva vizuri ina naitrojeni kama sehemu moja katika mia ya uzito wake mkavu, kwa hiyo kilo 23 zitatoka katika kilo 2,300 za mboji kavu. Lakini mboji haibebwi ikiwa kavu. Ikiwa nusu ya uzito wake ni maji, itakuwa kilo 4,600, yaani matenga kama 180 ya kilo 25 kila moja, ya kupandishwa na kuteremshwa katika miteremko ya Isongole. Na bado naitrojeni ya mboji haifunguki yote msimu wa kwanza. Sehemu kubwa husubiri miaka inayofuata. Mara nyingi mbebaji ni mwanamke, naye katika majira hayo hayo hutakiwa kupanda, kupika na kutafuta kuni. Vitabu vinavyoisifu mboji kwamba haina gharama huwa vimesahau kichwa chake.

Lakini hesabu hiyo nayo yaweza kudanganya ikiachwa hapo, kwa maana urea ni naitrojeni tupu. Haina fosforasi, haina potasi, haina salfa. Mboji ina vyote hivyo kwa uchache, pamoja na madini mengine ambayo mmea huyahitaji kwa chembe tu. Tena mboji hufanya kazi ambayo mfuko hauwezi: hulegeza udongo, hushika maji, huwalisha wadudu wa ardhini, na katika udongo wa majivu hupunguza nguvu ya ile kufuli inayofunga fosforasi. Kwa upande mwingine mboji mbichi ni hatari. Mkulima akizika mabua makavu ya mahindi peke yake wakati wa kupanda, vijidudu vinavyoyaozesha huinyang'anya ardhi naitrojeni iliyokuwamo, na mahindi machanga hugeuka manjano. Ndiyo maana mafundi wa mboji hutumbukiza fimbo katikati ya lundo na kuiacha humo: ikitolewa na joto kali, kazi ya kuoza inaendelea, ikitolewa na ubaridi, ama lundo limeiva ama limekufa. Katika baridi ya Isongole lundo huhitaji subira zaidi kuliko lundo la Indore.

Mfuko ulikuja pamoja na mbegu na siasa. Mwaka 1964 huko Kitale, Kenya, yalitolewa mahindi chotara yaliyoitwa H611, mtoto wa mahindi ya Kitale na mahindi ya Ecuador. Yalifaa nchi za juu zenye baridi, na ndugu zake, kama H614, wakaenea baadaye katika Nyanda za Juu za Kusini za Tanzania. Mahindi haya yalikuwa na shibe kubwa. Mahindi ya zamani yakipewa mbolea nyingi hushukuru kidogo. Chotara akipewa hushukuru sana, na asipopewa hununa. Hivyo mbegu na mfuko vikawa vitu viwili visivyoachana, na anayenunua kimoja akajikuta anatakiwa kununua cha pili.

Mwaka 1972 mambo mawili yalitokea. Kiwanda cha mbolea cha Tanga kilianza kazi; na mwezi wa Mei, huko Iringa, chama cha TANU kilitoa azimio la Siasa ni Kilimo, ambalo lilitaka ukulima wa kisasa vijijini. Ukame wa mwaka 1973 na 1974 ukafuata, serikali ikalazimika kununua nafaka nyingi nchi za nje, wakati huo huo bei ya mafuta na ya mbolea ikapanda duniani pote. Likatangazwa neno la Kilimo cha Kufa na Kupona, na baada yake ukaja mpango wa taifa wa mahindi, uliosaidiwa na Benki ya Dunia: mbegu bora na mbolea zikapelekwa vijijini kwa ruzuku. Bei ya mahindi ikawa moja nchi nzima, na bei ya mbolea vivyo hivyo. Mkulima wa mbali hakutozwa umbali wake. Reli ya TAZARA ikakabidhiwa mwaka 1976. Kituo cha Uyole, kilicho mwanzo wa barabara ya Tukuyu, kikawa mahali pa utafiti na mafundisho ya kilimo kwa nyanda zote hizo. Iringa, Mbeya, Ruvuma na Rukwa zikaitwa mikoa minne mikubwa ya mahindi.

Hapana budi kukiri kwamba mafanikio yalikuwa makubwa. Katika mashamba ambayo nyasi zilikuwa zimekwisha na ng'ombe wamepungua, mfuko ulifanya kwa siku moja kazi iliyoshindikana kwa lundo. Watoto wengi wa Rungwe walishiba ugali kwa sababu ya mfuko huo, na mtu anayeudharau leo akiwa ameshiba hatendi haki. Kosa halikuwa katika kuutumia. Kosa lilikuwa katika kuufundisha kana kwamba mboji imekuwa haramu, na katika kupeleka mbolea ya aina moja kila mahali bila kuuliza udongo. Iliyoenea zaidi ilikuwa salfeti ya amonia, SA kwa kifupi, ambayo mia yake ina sehemu 21 za naitrojeni. Ni mbolea nzuri ya kukuzia, lakini huongeza tindikali katika ardhi mwaka hata mwaka, na nchi ya mvua nyingi kama Rungwe tayari ina mwelekeo wa tindikali. Udongo ukizidi kuwa na tindikali, kufuli ya fosforasi hukazwa zaidi. Mkulima huona mahindi yake yanapungua, akadhani mbolea imechakachuliwa, akaongeza ile ile.

Jambo jingine lililofichwa na mfuko ni bei yake. Kiwanda cha Tanga kiliagiza sehemu kubwa ya malighafi yake kutoka ng'ambo, na hazina ya serikali ililipa tofauti baina ya gharama na bei ya kijijini. Mkulima wa Isongole aliijua bei ya dukani. Bei ya kweli hakuionyeshwa. Baada ya mwaka 1986, serikali ilipokubali masharti ya kurekebisha uchumi, shilingi ilishushwa thamani mara kwa mara, na mzigo wa ruzuku ukawa mzito usiobebeka. Mwaka 1991 kiwanda cha Tanga kilifungwa. Ruzuku ikapunguzwa mwaka kwa mwaka mpaka ikaondolewa kabisa kati ya miaka ya 1990, na bei moja ya nchi nzima nayo ikawa imekwisha. Matumizi ya mbolea katika mikoa ile minne yakaanguka. Watu walioambiwa kwa miaka 15 kwamba kilimo ni mfuko wakaambiwa sasa kwamba mfuko ni biashara.

Hapo ndipo ilipodhihirika hasara ya kuiacha mboji. Kuifufua si jambo la kutangaza mkutanoni, kwa sababu ng'ombe na nyasi hawarudi kwa tangazo. Mabua ya mahindi, ambayo ndiyo kitu cha kwanza cha kuwekwa katika lundo, yana wateja watatu: ng'ombe huyataka wakati wa kiangazi, jiko huyataka kuni zinapokosekana, na lundo huyataka mwisho. Katika nyumba nyingi lundo hupata kilichobaki, na pengine hakibaki kitu.

Nafuu ilitoka mahali pawili. Ya kwanza ni kiazi. Viazi mviringo vya Isongole huenda sokoni hata Dar es Salaam, navyo huleta fedha upesi; mkulima akinunua mbolea kwa ajili ya viazi, sehemu ya fosforasi hubaki ardhini, na mahindi yanayopandwa baadaye katika shamba hilo hula makombo. Kwa hiyo mahindi ya huko, ambayo hayana bei ya kumlipia mtu mfuko, mara nyingi yamelishwa na kiazi. Hili ni jambo ambalo majaribio ya zao moja moja hayawezi kulionyesha, wala mwenye kulinganisha mbolea kwa kutazama msimu mmoja hataliona.

Ya pili ni ng'ombe wa maziwa. Katika miaka ya 1980, kwa mradi uliosaidiwa na Uswisi, ufugaji wa ng'ombe wa maziwa ulienezwa kwa wakulima wadogo wa Nyanda za Juu za Kusini, na Rungwe ikashika mbele. Ng'ombe hawa hufungiwa bandani na kuletewa majani. Majani ya Guatemala na matete hupandwa kingo za mashamba na juu ya makinga maji. Samadi ya ng'ombe aliyefungiwa haipotei njiani. Hukusanyika mahali pamoja pamoja na mkojo na mabaki ya majani, nayo ni mboji nusu imekwisha kutengenezwa. Hivyo samadi ilirudi Rungwe kwa mlango wa maziwa, na jambo hilo halikuamriwa na kampeni yoyote ya mboji. Mwenye ng'ombe mmoja wa maziwa alipata mbolea ya bustani na ya sehemu ya mahindi. Asiye naye alibaki na mfuko, au bila mfuko. Tofauti baina ya shamba jeusi na shamba lililochoka ikaanza kufuata tofauti baina ya tajiri na maskini, jambo ambalo tuta la zamani, lililohitaji nyasi na nguvu tu, halikuwa likilifanya kwa kiasi hicho.

Ushahidi wa sayansi wa nchi za jirani unaafikiana na yaliyoonekana mashambani. Huko Kabete, karibu na Nairobi, majaribio ya mahindi na maharage yaliyoanza mwaka 1976 yamelinganisha samadi peke yake, chumvichumvi peke yake, mabua yaliyorudishwa, na mchanganyiko wao. Mchanganyiko wa samadi na chumvichumvi ndio uliotoa mavuno makubwa kwa miaka mingi. Lakini yalitoka pia maneno machungu: mboji ya udongo ilizidi kupungua katika sehemu zote, hata zile zilizopewa samadi, ila katika hizo ilipungua polepole zaidi. Maana yake ni kwamba kiasi cha samadi ambacho mkulima mdogo aweza kukipata huchelewesha tu kuchoka kwa ardhi inayolimwa kila mwaka bila kulazwa.

Serikali nayo haikuweza kukaa mbali daima. Bei ya mbolea duniani ilipopanda mwaka 2008, zililetwa vocha: mkulima wa ekari moja ya mahindi alisaidiwa kupata mfuko wa urea, mbolea ya kupandia ya DAP au ya fosfeti ya Minjingu, na kilo 10 za mbegu, akalipa kama nusu ya bei. Kuitia Minjingu katika orodha lilikuwa jambo la busara, kwa kuwa fosfeti hiyo huchimbwa Tanzania penyewe, karibu na Ziwa Manyara, tena huyeyuka vizuri zaidi katika ardhi yenye tindikali. Wakulima wengi hata hivyo hawakuipenda. Ilikuwa vumbi, ilipeperuka, na matokeo yake hayakuonekana upesi kama ya DAP. Vocha zikaja zikaisha. Mwaka 2022, baada ya vita vya Ukraine, mfuko wa kilo 50 wa DAP ulikuwa umepita shilingi 100,000. Serikali ikarudisha ruzuku, wakulima wakaandikishwa, na mfuko wa DAP au wa urea ukauzwa kwa shilingi 70,000. Ilikuwa mara nyingine tena bei ya mahindi ya Rungwe inapangwa na mambo yaliyo mbali sana na Rungwe.

Siku hizi mvua za kwanza zinapokaribia, katika mashamba mengi ya nyanda hizi mbolea mbili huonekana katika shimo moja. Samadi iliyooza hutiwa konzi moja chini ya shimo. Juu yake hutiwa DAP, kipimo chake kifuniko kimoja cha chupa ya soda. Hufunikwa kwa udongo kidogo ili chumvi isiunguze mbegu. Ndipo punje mbili huwekwa na kufukiwa. Konzi moja katika kila shimo ni samadi kidogo sana kuliko ile inayotajwa katika vitabu, na kifuniko kimoja cha soda ni mbolea kidogo vilevile. Lakini samadi huikinga DAP isikamatwe yote na udongo, na DAP huuamsha mche katika baridi mpaka samadi ianze kufunguka. Mwenye ng'ombe hutia konzi katika shamba lote. Asiye na ng'ombe huomba matenga machache kwa jirani, naye hulipa kwa siku za kupalilia au kwa mzigo wa majani ya Guatemala, na mashimo yasiyofikiwa na samadi hupewa kifuniko cha soda peke yake.